Mama hasomi mstari, anasoma sura

Ndani ya siku tatu nilitumiwa Yeremia 29:11 mara kumi na saba. Nilihesabu, kwa sababu ghafla nilikuwa na muda wa kuhesabu. Wengine waliuleta mstari huo juu ya picha ya jua linalochomoza, wengine kwa ujumbe wa sauti, na dada mmoja tuliyeimba naye kwaya aliuandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, akaipiga picha. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Kila mmoja nilimjibu "Amina, ubarikiwe," kisha nikailaza simu kifudifudi mezani.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Januari 2025. Tarehe 20 mwezi ule Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Siku chache baadaye barua za kusimamisha kazi zikaanza kushuka, Washington hadi Dar es Salaam, Dar hadi Njombe, hadi kwenye simu yangu saa moja na dakika kumi usiku, nikiwa nakaanga dagaa. Niliisoma mara mbili. Dagaa wakaungua.

Nilikuwa karani wa takwimu kwenye kituo cha tiba na matunzo, CTC kama sote tunavyoita. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa kuingiza mafaili kwenye kompyuta, kujua nani amekuja kuchukua dawa na nani hajaja, na wale wasiokuja, watoro kwa lugha ya kazini, kuwapigia simu mpaka wapokee. Kwa mtu wa Njombe hiyo si kazi ya pembeni. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa wetu wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichozidi mikoa yote, wakati taifa zima lilikuwa na asilimia 4.4. Ndiyo maana miradi ilijaa kwetu, na ndiyo maana amri iliyosainiwa ng'ambo ilitukuta wengi kwa mpigo. Kituoni kwetu dawa hazikukatika. Wauguzi wa serikali walibaki, wakawa wanafanya kila mmoja kazi ya watu watatu. Sisi wa mradi tuliondoka. Baadaye wachache waliitwa warudi, na jina langu halikuwemo.

Sasa niseme jambo ambalo silifurahii, maana bila hilo yanayofuata hayataeleweka. Binti yangu nilimpata nikiwa chuoni Iringa, bila ndoa, na baba yake akatoweka kabla mtoto hajaota meno. Sisi Walutheri tunajua kinachofuata: unakaa nje ya Meza ya Bwana mpaka siku utakaporudi kundini, usimame mbele ya usharika, utubu, upokelewe. Nilirudi kundini 2011 na mtoto mgongoni. Nilipokelewa vizuri, mama mchungaji akanikumbatia, sina neno na mtu. Ila kupokelewa ni siku moja. Jumapili zinazofuata unapita katikati ya viti vile vile, mbele ya macho yale yale, na shingo yenyewe haitaki kunyooka.

Shingo yangu ilinyooshwa na mshahara. Nilipoanza kazi 2014 bahasha yangu ya ahadi ikaanza kunona. Nikawa mweka hazina wa kikoba, nikawa ninayeulizwa "Dada, wewe unaonaje?" kwenye jumuiya. Na kulikuwa na mnada. Msiosali kwetu niwaeleze: watu huleta sadaka ya mazao, trei ya mayai, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, na ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa hapo nje mlangoni, fedha ikaingia kwenye hesabu ya kanisa. Mimi nilikuwa mnunuzi. Mzee wa kanisa akiinua kuku, jicho lake lilikuwa linanitafuta mimi kwanza. Nilikuwa nanunua jogoo kwa bei ya mbuzi, halafu palepale namkabidhi bibi mmoja asiye na mtu, watu wanapiga makofi, nami nasema moyoni, "Asante Yesu." Siku hizi najiuliza yule niliyekuwa namshukuru alikuwa nani hasa.

Kwa hiyo barua ile ilipokuja, nilichokuwa nakililia usiku hakikuwa chakula tu. Chakula kilikuwepo.

Februari na Machi nilizitumia kusubiri siku tisini. Kila mtu alijua mradi umesimama, hakuna aliyejua nimebakiwa na nini. Wakiniuliza nilisema, "Mungu ni mwema, tunasubiri," na nikaendelea kutoa ahadi yangu ileile, senti haijapungua, kutoka kwenye akiba. Nilijiambia ni imani. Ilikuwa hofu iliyovalishwa nguo za Jumapili. Hata fao la kukosa ajira la NSSF nilichelewa kwenda kulifuatilia, kwa sababu kulifuatilia kungekuwa ni kukubali kwamba kazi imekwisha. (Kina dada wenye mikataba, msilidharau hilo: ukiwa umechangiwa angalau miezi 18 na hukuacha kazi kwa hiari yako, ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Barua ya kuachishwa itunzeni kama cheti cha ubatizo.)

Kisha kuna ile habari ya samaki 153. Nimewaambia watu wawili tu, nanyi sasa.

Usiku mmoja wa Machi sikupata usingizi, nikawa nasikiliza ibada ya mubashara ya mtumishi mmoja kwenye simu. Akasema anamwona dada aliyepoteza kazi, anaishi penye baridi. Njombe! Nikaketi. Akasema Petro alivua samaki 153 baada ya usiku mzima wa kukosa, kwa hiyo huyo dada apande mbegu ya shilingi 153,000, na ndani ya siku 21 atapokea simu. Namba ya malipo ikapita chini ya kioo. Mimi niliyewafundisha wanakikoba jinsi ya kutambua matapeli wa mtandaoni, mimi mwenye diploma, nilituma. Nikalala usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata kwa wiki sita, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba usingizi ule ulikuwa mtamu.

Siku ya ishirini na moja simu ikaita kweli. Kampuni ya simu walikuwa wananiuliza kama ningependa kujiunga na huduma ya miito ya nyimbo.

Sikumkasirikia Mungu. Nilimwonea aibu, jambo ambalo naona ni baya zaidi, kwa sababu mwenye hasira angalau anasema. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nafungua Biblia, naitazama, naifunga. Sala yangu ya usiku ikawa Baba Yetu, na nikifika "utupe leo riziki yetu" nilikuwa napita haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Aprili nilikutana na mtu sokoni. Sitasema anauza nini wala anakaa upande gani. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake nikihesabu sarafu kichwani, nikataka kupunguza nilichoagiza, naye akaendelea kujaza mfuko. Nikamwambia, "Dada, basi, inatosha." Akainama karibu kunikabidhi, akasema kwa sauti ya chini, "Mwaka ule ulinipigia simu mara kumi na moja. Nilikuwa naziona zote. Ya kumi na mbili nikapokea." Akanifungia mfuko, hakutaka hela. Sikumkumbuka. Nilikuwa nimewapigia watu wengi mno, na kusema kweli mara nyingi nilikuwa napiga huku nimeudhika, nikiwaza ripoti ya mwisho wa mwezi. Nilitembea hadi nyumbani na mfuko ule kwapani. Sikuwa na neno la kiroho la kusema. Nilipika, tukala.

Siku tisini zikaisha, kazi haikurudi, na kodi ya nyumba ilikuwa inaisha 31 Mei. Mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, 720,000. Kwenye akaunti nilikuwa na kama laki tisa. Niliomba ishara: nikae mjini niendelee kuhangaikia kazi, au nirudi kijijini kwa Mama? Nilifunga siku tatu. Nikasubiri ndoto, nikaletewa usingizi. Nilimwendea mama mchungaji anisaidie kusikia sauti ya Mungu. Akachukua kalamu na nyuma ya ratiba ya ibada. "Una shilingi ngapi? Unatumia ngapi kwa mwezi?" Tukaandika safu mbili. Ilipofika chini hakuna aliyehitaji kusema kitu. Akaniombea, maombi mafupi kuliko nilivyotarajia, akanipa na ile karatasi.

Tangu nikiwa msichana nilifundishwa, au nilijifundisha, kwamba uamuzi wa imani lazima uwe na cheche: mlango unaofunguka wenyewe, mgeni asiyejulikana, mstari unaoruka kutoka ukurasani. Uamuzi wangu mkubwa kuliko yote ulitoka kwenye kujumlisha na kutoa, na sioni kwa nini Mungu aone haya kutumia hesabu.

Njia ya Lupembe, kwenye Canter iliyobeba kitanda, sofa moja (la pili nililiuza), masufuria na magunia mawili ya nguo, binti yangu hakusema neno. Yuko kidato cha pili. Nilikuwa nimemtoa shule ya kulipia mjini, anakwenda kuanza ya kata, katikati ya mwaka. Alikuwa ameipakata pasi ya umeme. Tulipokaribia nyumbani akauliza, "Kwa Bibi kuna umeme?" Nikasema nguzo zinapita. Akaniangalia.

Nguzo zinapita mita thelathini kutoka kwenye nyumba ya Mama. Zilifika miaka kadhaa iliyopita. Kuunganishwa vijijini ni shilingi 27,000, na nyaya za ndani labda mara sita ya hiyo. Mama hakuniomba, anatumia taa yake ya sola ya kuning'iniza. Nami katika miaka hiyo nilinunua majogoo mangapi mnadani? Nilifanya hesabu hiyo palepale kwenye Canter, pasi ya umeme ikinigusa goti, na sikuwa na safu mbili za kuandika.

Tulipoteremka wanawake walikuwa wanatoka kisimani. "Kamwene!" "Kamwene." Wakatazama kitanda, wakatazama sofa. Mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Umekuja kusalimia?" Kuna mahali kwenye kitabu cha Ruthu ambapo Naomi anarudi Bethlehemu na mji mzima unataharuki, wanawake wanaulizana, "Je! Huyu ni Naomi?" Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya Ruthu na uaminifu wake, juu ya Boazi na shamba lake. Sikumbuki hata moja lililokaa kwenye hayo maswali ya wanawake njiani. Nilimjibu, "Nimerudi, mama." Akanitua begi, akalibeba yeye mpaka mlangoni.

Mama yangu aliishia darasa la nne. Anasoma Biblia kwa kidole, sauti juu, silabi kwa silabi, sura moja kila jioni baada ya kula, tangu Mwanzo mpaka Ufunuo, akimaliza anaanza tena. Hajui kusoma mstari. Namaanisha hawezi kuanza katikati: akianzia katikati anapotea, kwa hiyo huanza juu ya sura na kushuka nayo mpaka chini, kama mtu anayepalilia tuta. Tulipofika alikuwa Yeremia. Wengine watasema Mungu alipanga. Mimi wakati ule nilikuwa nimechoka kusema Mungu amepanga nini, nilijua tu kwamba Mama alikuwa amefika hapo kwa miguu yake mwenyewe, akitokea Mwanzo.

Jioni kama ya kumi hivi, mwezi Juni, baridi inaingia chini ya mlango, binti yangu amejifunika shuka la kimasai, Mama akaanza sura ya 29. Nikasema moyoni, haya, mara ya kumi na nane.

Lakini Mama hakuanza na 11. Alianza na moja, na ile moja ina majina mengi. Ni barua, akasoma, Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka wakapelekwa Babeli. Akaenda, akaenda. Akafika wanapoambiwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake. Waoe, wazae. Wauombee amani mji ule waliopelekwa kwa nguvu. Mama akainua kidole. "Kumbe waliambiwa walime," akasema, kana kwamba amesikia habari ya jirani. Akarudisha kidole.

Kisha ukaja wa nane. Wasikubali kudanganywa na manabii walio kati yao. Mama aliusoma taratibu kama anavyosoma yote, na masikio yangu yakawa ya moto. Samaki 153. Nilitazama chini. Hakuna aliyekuwa ananiangalia, na bado nilihisi chumba kizima kinanijua. Usiku uliotangulia, kwenye sura ya 28, tulikuwa tumesoma habari za Hanania, nabii aliyewaahidi watu kwamba yote yatarudi ndani ya miaka miwili. Nilipoisikia nilimcheka kidogo Hanania na waliomwamini.

Wa kumi ukataja miaka sabini. Mama akasimama kabisa. "Sabini?" Akahesabu kwa vidole, akaacha. "Basi wengi walioisikia hii barua walifia kulekule." Binti yangu akasema, "Bibi, hiyo ni mbaya." Mama akasema, "Si mbaya. Walikuwa na bustani." Na hapo taa ya sola, ambayo siku ile haikupata jua la maana, ikafifia ikazima, tukaenda kulala kabla ya mstari wa 11.

Kesho yake hakukumbuka alipoishia, akaanza sura upya. Nikawasikia tena manabii. Alipofika 11 aliupita kwa sauti ileile aliyosomea majina ya mafundi na wahunzi, akaendelea na 12.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa na jembe. Watu kumi na saba walionitumia mstari ule walinipenda, na mstari ni wa kweli. Lakini nilikuwa nimeupokea kama risiti: Mungu anadaiwa, atalipa, kazi itarudi, ikiwezekana kabla ya Pasaka. Barua nzima ilikuwa inazungumza na watu ambao hawatarudi karibuni, inawaambia washike jembe. Kwa miezi minne nilikuwa nimekaa kwenye masanduku ya moyo wangu, sijafungua hata moja, nikidhani kufungua ni kukosa imani.

Tukaingia bondeni. Watu wa huku tunalima vinyungu, yale matuta ya bondeni yanayotumia unyevu wa ardhi wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha. Kinyungu cha Mama kilikuwa kimelala miaka miwili, mgongo wake hauruhusu. Nililima kwa wiki mbili kile ambacho mtu wa kijijini angelima kwa siku nne. Viganja vilichubuka, vikapona, vikachubuka. Nilipanda njegere na tuta moja la viazi. Kuomba kulirudi huko, bila mimi kukutafuta. Nilikuwa nasema mambo mafupi: Bwana, hili tuta. Bwana, mtoto yuko shuleni leo wasimcheke kiatu chake. Bwana, lile deni la kikoba. (Wenzangu wa kikoba walinisamehe faini za miezi mitatu, na walionitetea kwa hilo walikuwa ni wale niliokuwa nawatoza mimi.) "Utupe leo" nikaacha kuipita haraka. Ile "leo" ilikuwa inanitosha, na nilishangaa, maana nilizoea kuomba ya mwaka mzima na marupurupu.

Mwishoni mwa Julai barafu ilishuka. Njombe inapoamua kuwa baridi haibembelezi mtu. Alfajiri bonde lilikuwa jeupe, na jua lilipopanda njegere za upande wa chini, zilizokuwa zimeanza kutoa maua, zikanyauka zikawa kama zimemwagiwa maji ya moto. Theluthi ya kinyungu, labda zaidi kidogo. Nilikaa juu ya tuta. Nilikuwa nimeomba kwa ajili ya tuta lile kwa kulitaja. Jirani aliyepakana nasi, ambaye sijawahi kumwona kanisani, upande wake haukuguswa hata jani, kwa sababu kinyungu chake kiko juu kidogo ya chetu na baridi hutambaa chini. Hilo ndilo jibu nililonalo mpaka leo: baridi hutambaa chini. Mama alikuja, akatazama, akasema tung'oe zilizokufa kabla hazijaozesha nyingine. Tuling'oa mpaka saa sita.

Ninaowaandikia hasa ni wanawake walio katikati, waliotoka na bado hawajafika, na najua mtu akiandika hivi wanategemea aeleze barafu ile ilikuwa na kusudi gani. Sijaliona. Namwamini Mungu na sijaliona.

Jumapili moja ya Agosti ilikuwa Sikukuu ya Mavuno mtaani kwetu. Nilipeleka ndoo ya viazi. Vikanunuliwa, sikutazama na nani. Kisha mzee wa kanisa akainua kuku, mnada ukaenda, elfu kumi, kumi na mbili, kumi na tano, akanyakua baba mmoja mfupi aliyevaa koti la mvua, mtu wa misonobari, tunayejuana naye kwa salamu tu. Akampokea kuku, akapita katikati ya watu, akaja akasimama mbele yangu. "Huyu ni wa dada yetu aliyerudi nyumbani."

Wakapiga makofi.

Makofi yale nayajua. Nilikuwa nimeyasikia miaka kumi kutoka upande wa pili, na sikuwahi kujua kwamba upande huu yanasikika vile. Uso ulinichemka. Nilimkumbuka yule bibi niliyekuwa namkabidhi majogoo, jinsi alivyokuwa anatazama chini, nami nikidhani ni unyenyekevu. Pengine alikuwa anatafuta mahali pa kuficha uso. Nilitaka kusema hapana, asante, mpe mwingine mwenye shida. Mdomo ukafunguka. Binti yangu, amesimama pembeni yangu kwenye kiatu chake kilichoshonwa mara mbili, akanyoosha mikono yote miwili akampokea kuku, akapiga goti kidogo, akasema, "Asante, Baba. Mungu akubariki." Kama vile kupokea ni kitu ambacho watu hufanya.

Nyumbani Mama hakusema Bwana ametenda. Aliuliza, "Jogoo au mtetea?" Alikuwa mtetea. Ameshataga.

Umeme tuliingiza wiki mbili baadaye, kwa malipo ya mwisho ya NSSF. Balbu mbili na soketi moja. Mama aliiwasha na kuizima mara nne, akasema mwanga wake ni mkali mno kusomea, akarudi kwenye sola. Pasi inatumika kila Jumapili asubuhi.

Juzi nilipigiwa simu. Kuna kazi ya kukusanya takwimu wilaya ya Makete, miezi mitatu, mkataba mfupi, posho ya wastani, wanataka jibu Ijumaa. Zamani ningepiga magoti nilie kwa furaha, nipeleke ushuhuda kanisani kabla hata ya kusaini. Sasa nina binti anayezoea shule kwa shida, nina kinyungu, nina mama mwenye mgongo mbovu, na miezi mitatu inakwisha. Lakini pia nina deni la kikoba. Nimechukua karatasi, nimechora safu mbili, na safari hii zimelingana karibu sawa. Nimeomba. Kumetulia tu.

Nilimweleza Mama jana jioni. Siku hizi yuko Danieli, tulikuwa tumetoka kwenye tundu la simba. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga Biblia na kutia kipande cha kitenge pale alipofika.

"Ijumaa ni keshokutwa," akasema. "Kesho tunachuma njegere. Mnunuzi anafika saa mbili, na wewe unachuma polepole."

Kwa hiyo leo tumeamka saa kumi na moja. Theluthi mbili zilizobaki zimezaa vizuri. Tumejaza ndoo sita, na mtoto amechuma moja yake kabla ya kwenda shule.